Kompyuta Hujuaje Kwamba Faili Limebadilika?

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Maneno haya yalisomwa redioni. Hapa yamepigwa chapa ili uyasome tena polepole, peke yako au pamoja na kikundi chako. Weka penseli na daftari karibu, maana tutapiga hesabu kidogo.

Natumaini mmekwisha kaa, na taa imewashwa, hasa ninyi wa Lushoto, Mlalo na Mtae, ambako ukungu hushuka mapema na baridi ya milimani haina huruma. Katika masomo yaliyopita tulijifunza kompyuta ni nini, na programu ni nini. Leo tutazungumza juu ya jambo dogo kwa sura, lakini lenye kuwapatia au kuwapotezea watu fedha. Jambo lenyewe ni hili: maandishi yaliyomo ndani ya kompyuta yakibadilishwa, programu inayoyatumia hujuaje kwamba yamebadilika?

MANENO YA LEO

Yasome maneno haya kwa sauti kabla ya kuendelea.

Faili: maandishi au habari zilizowekwa pamoja ndani ya kompyuta na kupewa jina lake, kama karatasi moja yenye kichwa chake.

Folda: mahali pa kuwekea mafaili, kama kabati au jalada la ofisini.

Seva: kompyuta inayowahudumia watu wengi kwa mara moja. Wewe huioni, waifikia kwa intaneti, kwa simu yako.

Programu ya wavuti: programu inayokaa katika seva na kukuonyesha kurasa zake katika simu au kompyuta.

Java: lugha mojawapo ambayo mafundi huitumia kuandikia programu. Ilitangazwa kwa watu wote mwaka 1995 na kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani. Jina lake ni la kahawa ya kisiwa cha Java, nchini Indonesia. Watu wa Usambara, ambako Wajerumani walipanda kahawa katika miaka ya 1890, hawatashindwa kulikumbuka.

Msikilizaji: sehemu ya programu inayongoja kuambiwa jambo fulani limetokea, kisha hufanya kazi yake.

Umeona? Neno la mwisho ni jina lako wewe. Wewe ni msikilizaji wa redio, huendi studio kila saa kuuliza, “Je, somo limeanza?” Wakaa na redio yako, na sauti inapotoka, wasikia. Shika mfano huo, utakusaidia mbele.

TATIZO LENYEWE

Tuchukue mfano. Huu si habari ya chama fulani. Ni mfano wa kufundishia tu.

Wakulima wa mboga wa milimani wamejiunga katika chama. Chama kina programu ya wavuti iliyoandikwa kwa Java, na kazi yake ni kumwonyesha mkulima bei ya siku: bei ya gunia la karoti, ya gunia la viazi, ya tenga la nyanya. Bei hizo zimo katika faili moja. Karani wa chama hupigiwa simu kutoka sokoni Dar es Salaam, kisha hulifungua faili, hufuta bei ya zamani na kuandika mpya.

Siku moja, asubuhi, bei ya tenga la nyanya ilikuwa shilingi 20,000. Saa sita mchana karani akapigiwa simu: nyanya zimepungua sokoni, bei imepanda mpaka shilingi 28,000. Akaandika 28,000, akalihifadhi faili, akaenda kula.

Saa nane mkulima mmoja wa juu ya Mlalo akafungua simu yake. Dalali amesimama mbele yake, gari linanguruma, matenga kumi yako tayari. Simu ikamwonyesha 20,000. Akauza.

Sasa piga hesabu katika daftari lako. Amepoteza shilingi ngapi? Toa 20,000 katika 28,000; zabaki 8,000. Zidisha kwa matenga 10. Ni shilingi 80,000. Kwa watu wengi hizo ni sare za mtoto wa shule.

Nani amekosa? Karani aliandika bei sawasawa. Dalali hakudanganya. Mkulima aliangalia kabla ya kuuza, kama alivyofundishwa. Kosa limo ndani ya programu: ilisoma faili mara moja tu, asubuhi ilipowashwa, kisha haikulitazama tena.

KWA NINI PROGRAMU HUFANYA HIVYO?

Mfikirie mwenye duka pale Soni. Asubuhi anaingia stoo, nyuma ya duka, anasoma orodha ya bei iliyobandikwa ukutani, anaikariri kichwani. Kisha anakuja mbele kuuza. Mteja akiuliza bei ya sukari, anajibu mara moja. Hawezi kurudi stoo kwa kila mteja, maana foleni ingefika barabarani.

Programu nayo ni hivyo hivyo. Kulisoma faili kwa kila mtu anayefungua simu ni kazi ya kurudia-rudia, na watu wakiwa wengi huchelewesha huduma. Kwa hiyo fundi huiandika programu ilisome faili mara moja, iweke habari katika kumbukumbu yake, na iwajibu watu kutoka kumbukumbu hiyo. Ni busara. Lakini orodha ya stoo ikibadilishwa, mwenye duka huendelea kutaja bei ya asubuhi kwa moyo safi kabisa. Hajui kwamba anasema uongo.

NJIA TATU ZA KUONDOA TATIZO

Njia ya kwanza ni kufunga duka na kulifungua tena. Yaani kuizima programu na kuiwasha upya. Ikiwaka italisoma faili upya na bei mpya itaonekana. Njia hii ni rahisi na ya hakika. Ubaya wake ni kwamba kwa muda huo hakuna anayehudumiwa. Tena ni lazima mtu akumbuke kuizima na kuiwasha, na karani wetu amekwenda kula.

Njia ya pili ni kwenda stoo kila baada ya muda. Mwenye duka ajiwekea sheria: kila sekunde 10 nitachungulia orodha. Programu haina haja ya kusoma faili zima. Yatosha kutazama tarehe na saa ya kubadilishwa kwake mara ya mwisho, kwa kuwa kompyuta huiandika saa hiyo pembeni mwa kila faili. Saa ikiwa ni ile ile ya zamani, inarudi kazini. Ikiwa ni mpya, inalisoma faili.

Twende kwenye hesabu tena. Kuchungulia kila sekunde 10 ni mara 6 kwa dakika. Kwa saa moja ni mara 360. Kwa siku nzima, yaani saa 24, ni mara 8,640. Ikiwa bei hubadilika mara mbili tu kwa siku, basi safari 8,638 ni za bure. Kwa faili moja si neno. Kompyuta haichoki miguu. Lakini kwa mafaili elfu nyingi mzigo huwa mkubwa. Na bado kuna ucheleweshaji: badiliko likitokea mara tu baada ya kuchungulia, hapana budi kungoja zamu inayofuata.

Njia ya tatu ni kumweka kijana stoo. Mwenye duka anamwambia kijana, “Kaa hapa. Mtu akiigusa orodha hii, niite.” Kisha anarudi mbele kuuza bila wasiwasi. Haendi, hachungulii. Akiitwa, ndipo anakwenda kusoma. Wahenga walisema, mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Isipolia, endelea na kazi yako.

Njia hii ya tatu ndiyo ya msikilizaji.

KIJANA WA STOO NI NANI?

Ndani ya kompyuta, kila kazi ya kuandika au kufuta faili hupitia kwa msimamizi mkuu wa mashine, ambaye mafundi humwita mfumo endeshi. Kwa kuwa kila kalamu hupita mikononi mwake, yeye hujua mara moja faili linapoguswa. Seva nyingi duniani hutumia mfumo endeshi wa Linux, na tangu mwaka 2005 Linux ina chombo cha kutoa habari hizo, kiitwacho inotify.

Lugha ya Java ilipata njia yake ya kuzipokea habari hizo mwaka 2011, lilipotoka toleo la 7. Katika Java njia hiyo huitwa WatchService, yaani huduma ya kuangalia. Fundi huiambia huduma hiyo mambo mawili: folda ipi iangaliwe, na matukio gani yaripotiwe. Matukio hayo ni matatu: faili jipya limeingia, faili limebadilishwa, faili limefutwa.

Kisha fundi huweka mfanyakazi wa pembeni ndani ya programu. Kazi ya mfanyakazi huyu ni kungoja tu. Wakati anangoja hali nguvu ya mashine, kama mtu aliyelala karibu na simu. Tukio likitokea huamka, husoma ni faili gani limeguswa, na likiwa ni lile la bei, hulisoma upya na kuweka bei mpya katika kumbukumbu. Mkulima wa Mlalo akifungua simu muda mfupi baadaye, anaona 28,000.

Katika programu ya wavuti, mfanyakazi huyu aajiriwe lini, na aachishwe lini? Programu za wavuti za Java zina msikilizaji mwingine, ambaye huambiwa programu inapowashwa na inapozimwa. Hapo ndipo mahali pake. Duka likifunguliwa, kijana anapelekwa stoo. Duka likifungwa, kijana anaambiwa aende nyumbani. Fundi asipomwachisha, programu ikizimwa na kuwashwa mara kumi ndani ya seva ile ile, watakuwako vijana kumi wamejazana stoo, wote wakila nafasi ya mashine bila kazi.

MAMBO YA KUANGALIA

Usidhani kwamba kijana akishawekwa, mambo yamekwisha. Ana tabia zake, na fundi asipozijua ataletewa hasara nyingine.

Kwanza, kijana huita mapema mno. Karani anapoanza tu kuandika, kijana anapiga kelele, “Imeguswa!” Mwenye duka akikimbilia stoo anakuta tarakimu nusu. Bei ya 28,000 imeandikwa 28 tu, na sufuri bado. Dawa yake ni mbili. Programu ingoje kidogo mpaka faili litulie. Tena afadhali karani asiandike juu ya faili lenyewe. Aandike pembeni faili jipya, na likikamilika ndipo libadilishwe jina na kushika nafasi ya lile la zamani kwa mara moja.

Pili, kijana huita mara mbili au tatu kwa jambo moja. Tendo moja la kuhifadhi faili laweza kuleta matukio kadhaa. Programu isione ajabu. Izichukue kelele zilizokuja pamoja kuwa kelele moja.

Tatu, hukaa chumba kimoja tu. Ukimwambia aangalie folda, haangalii folda zilizomo ndani ya folda hiyo. Kila chumba chataka kutajwa kwa jina.

Nne, kila akiita, sharti umjibu “nimesikia, endelea”. Usipomjibu, hatakuita tena. Mafundi wengi wamesumbuka kwa jambo hili: badiliko la kwanza laonekana, la pili halionekani, na hawajui sababu.

Tano, matukio yakiwa mengi mno kwa mara moja, hesabu humpotea. Hapo husema neno moja tu: “Yamenizidi.” Maana yake ni, “Siwezi kukuambia lipi limebadilika. Kasome yote upya.” Programu nzuri husikia neno hilo na kutii.

Sita, faili likikaa katika kompyuta nyingine na kufikiwa kwa waya wa mtandao, huenda kijana asione kitu, kwa sababu kalamu haikupita mkononi mwa msimamizi wa mashine yako. Mahali kama hapo, ile njia ya pili ya kuchungulia kwa zamu ndiyo ya kutegemewa. Wako mafundi wanaotumia njia zote mbili pamoja: msikilizaji kwa upesi, na zamu ya kila baada ya dakika kadhaa kwa usalama.

Na jambo la saba ni la hekima kuliko ufundi. Bei mpya ikiingia, programu isiitupe ya zamani kabla ya kuihakiki hiyo mpya. Je, ni tarakimu kweli? Je, si sufuri? Ikionekana ina kasoro, programu ishike ile ya zamani, imwambie karani, na iandike katika daftari lake saa na habari ya jambo hilo. Kusikia upesi bila kupima kile ulichosikia ni hatari, kwa kompyuta na kwa mwanadamu pia.

MIFANO YA KWELI

Mpaka hapa tumetumia mfano wa kutunga. Sasa tutazame vitu vilivyoko.

Ukienda zahanati au kituo cha afya, utamwona mhudumu akiandika katika vitabu vikubwa vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Anaandika watoto waliochanjwa, akina mama waliojifungua, wagonjwa wa malaria. Jumla za mwezi huingizwa katika mfumo wa kompyuta uitwao DHIS2. Mfumo huo ni programu ya wavuti iliyoandikwa kwa Java. Unasimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, nchini Norway, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeshiriki katika kuutumia hapa kwetu. Katika miaka ya 2010 ulienezwa katika wilaya za Tanzania Bara. Kwa hiyo hesabu ya watoto wa Usambara hupita ndani ya Java.

DHIS2 ina faili lake la mipangilio, linaloitwa dhis.conf. Humo imeandikwa, pamoja na mengine, ghala la habari liko wapi na hufunguliwa kwa neno gani la siri. Je, mfumo hulisikiliza faili hilo kila wakati? La. Hulisoma unapowashwa. Fundi akilibadilisha, hana budi kuuzima mfumo na kuuwasha tena. Hii ni njia yetu ya kwanza.

Usiseme haraka kwamba huo ni uzembe. Fikiri: mamia ya wahudumu wako kazini wanaingiza hesabu zao, mara mfumo unahama ghala katikati ya sentensi. Ni kama kubadili gurudumu la basi linaloteremka kona za Soni kwenda Mombo. Mabadiliko mengine yataka basi lisimame kwanza. Bei ya nyanya yafaa isikike mara moja. Anwani ya ghala, hapana.

Programu kama DHIS2 kwa kawaida hubebwa na programu nyingine iitwayo Tomcat. Tomcat nayo ina folda ya kupokelea programu mpya. Fundi akiweka toleo jipya katika folda hiyo, Tomcat huligundua yenyewe, hulitoa la zamani na kulipandisha jipya. Hugunduaje? Ina saa ya ndani inayolia, kwa desturi, kila sekunde 10. Kila ikilia, msikilizaji wa Tomcat huamka na kutazama tarehe za mafaili. Angalia hapo: huyu huitwa msikilizaji, lakini anachosikiliza ni kengele ya saa, faili lenyewe hulichungulia kwa zamu. Ni njia ya pili. Kwa hiyo ukisikia fundi anasema “nimeweka msikilizaji”, muulize, “Anasikiliza nini?”

Tena wenye Tomcat wenyewe hutahadharisha kwamba kupokea programu kwa njia hiyo hurahisisha kazi ya fundi, na hali kadhalika hurahisisha kazi ya mwizi. Atakayeweza kuingiza faili lake katika folda, ataingiza programu yake. Stoo yenye kijana mwepesi wa kuita yataka pia mlango wenye kufuli.

KWA KIFUPI

Programu husoma faili na kuliweka katika kumbukumbu ili iwajibu watu upesi. Faili likibadilika, kumbukumbu hubaki na habari ya zamani mpaka programu iambiwe. Kuna njia tatu: kuzima na kuwasha, kuchungulia kwa zamu, na kuweka msikilizaji. Kila njia ina mahali pake. Na lolote lisikiwalo lihakikiwe kabla ya kutumiwa.

Wewe si fundi, na huenda usiandike programu maishani mwako. Lakini utauza nyanya, utapeleka mtoto kliniki, utasoma namba katika simu. Siku hiyo usiulize tu, “Simu inasema nini?” Uliza pia, “Namba hii ni ya saa ngapi?” Swali hilo moja lingemwokolea mkulima wetu shilingi 80,000.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Mwenye duka wa Soni alikosa wapi, na angefanyaje?

2. Programu ikichungulia faili kila sekunde 30, itachungulia mara ngapi kwa saa moja? Na kwa siku?

3. Kwa nini si vizuri programu kusoma faili mara tu karani anapoanza kuandika?

4. Taja jambo moja katika kijiji chako ambalo lafaa kutangazwa mara linapotokea, na jingine ambalo lafaa kungoja mkutano. Toa sababu.

5. Chama chenu kikitaka kuagiza programu ya bei, mtamwuliza fundi maswali gani matatu kabla ya kumlipa?

Andika majibu yako kwa kalamu, halafu umsomee jirani yako. Mwenye shaka amwulize mwalimu wa darasa. Haya, ndugu zangu, kwaherini mpaka somo lijalo.